Mstari wa Shingoni

Ami alikuja na kalamu yake mwenyewe, na hilo ndilo lililonipandisha hasira kabla hata hajaketi. Ilikuwa kalamu nene ya wino mweusi, ile wanayoandikia makatoni katika duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi. Aliiweka juu ya meza yangu, katikati ya penseli na chupa za rangi, nikahisi kama jirani ameingia jikoni mwangu na mwiko wake.

Nilimpa mkono, nikaubusu wake. Adabu haikunitoka. Ila nilipouachilia ule mkono nilitazama pembeni.

"Haya," akasema. "Bismillahi. Tuanze upande wa dirishani."

Ami ni nduguye mdogo marehemu babangu. Mchana alikuwa dukani, jioni chuoni akisomesha watoto Kurani, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa kusikizwa katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, ingawa alilala kwake mtaa wa pili. Ndani tulibaki mimi na nyanya, aliyewazaa wao wawili. Mama yangu alikuwa kwao Malindi tangu atoke eda, na tulimtarajia kesho yake, siku ya hitima ya baba ya kutimiza mwaka. Wanaume wangesomea chumba cha juu, kwa sababu ndicho kikubwa na ndicho chenye upepo. Na chumba cha juu, kwa bahati yangu mbaya, nilikuwa nimekijaza watu.

Watu hao walikuwa wa karatasi. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja matokeo, na kazi yangu ilikuwa kuchora tangu nikimaliza kuosha vyombo vya mchana hadi nyanya anipigie kelele. Nusu ya picha zangu zilikuwa za mashujaa wa katuni za Kijapani, wale wenye nywele zilizosimama na panga ndefu kuliko wao wenyewe. Niliwachora kwa mapenzi tu, kama shabiki, kisha nikizipiga picha na kuzitia mtandaoni, ambako watu nisiowajua wa Kisumu na wa Manila waligombana kuhusu rangi ya joho. Nusu nyingine walikuwa wangu, niliowatunga mwenyewe. Kulikuwa na msichana aliyetembea juu ya mapaa ya Mji wa Kale kwa sababu amekosana na kila mtu aliye chini. Kulikuwa na jini aliyerudisha viatu vilivyoibwa msikitini, lakini kila mara akirudisha vya mguu mmoja. Na kulikuwa na dude la duara, nusu bunju, yule samaki wa kujivimbisha, nusu paka, ambalo sikuwahi kulipa jina.

Baba alikuwa fundi saa, na meza yake ilikuwa papo hapo juu, dirishani. Hakuwahi kuniambia picha zangu ni nzuri. Aliuliza tu, "Yule wa mapaani ameshuka?" nami nikimjibu hajashuka, na yeye akirudi kwenye saa yake ameridhika. Yeye ndiye aliyenipikia gundi ya unga wa ngano na kunionyesha jinsi ya kubandika karatasi kwenye ukuta wa chokaa isibanduke tena. Na kweli hazikubanduka. Alikuwa mtu wa kufanya jambo likatulia.

Ami siku hizo akija alipanda ngazi, akaketi, akazungumza na nduguye huku macho yameelekea mkekani. Hakusema kitu. Nyumba ilikuwa ya baba, na baba alikuwa mkubwa wake.

Sasa wiki ile ya hitima alisema. Aliketi kwa nyanya, akanywa kahawa yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba hawezi kumsomea nduguye katika chumba kilichojaa picha za viumbe wenye macho. Malaika wa rehema hawaingii mahali kama hapo, na nduguye yuwahitaji rehema. Akataka ukuta ukwanguliwe na kupakwa chokaa. Wallahi nilitamani kumrushia kile kikombe. Nilichomjibu ni kwamba baba aliketi na picha hizo miaka yote, na kama malaika hawakuwa wakiingia, basi nani aliyekuwa akitulinda? Nyanya alinikazia jicho, nikanyamaza.

Nilikuwa na rafiki mtaa wa Tudor, tuliyesoma naye, ambaye babake anafanya kazi bandarini na wao ni watu wa kanisa. Nilipompigia simu nikilia alisema jambo rahisi kabisa: zibandue, ziletwe kwetu. Nilijaribu na moja. Nilianza kwenye pembe, polepole, na kisu cha siagi. Karatasi ilitoka hadi shavuni, kisha uso mzima ukabaki ukutani na mwili mkononi mwangu. Sikujaribu tena.

Nyanya ndiye aliyepata ufumbuzi. Zamani, alisema, walipokuwa wasichana, watoto wao wa matambara wa kuchezea hawakuwekewa mato usoni, na ikitokea picha imeingia nyumbani kwa bahati, mzee alipiga mstari shingoni. Kitwa kikishatengana na kiwiliwili hakuna kiumbe tena, pana mapambo tu. Ami alifikiri, akazungusha kikombe, akakubali, kwa sharti kwamba mstari uwe mstari kweli na aione picha moja baada ya moja kwa macho yake. Walikubaliana juu ya kichwa changu kama watu wanaouziana mbuzi, na mbuzi ni mimi.

Ndiyo maana alikuja Alhamisi ile baada ya Alasiri na kalamu yake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo yeye hakulijua, wala nyanya, wala mama.

Baba alipofariki, siku ya tatu, Ami alituomba sote tufute picha za marehemu kwenye simu zetu. Si yeye peke yake, wengi kwetu hufanya hivyo. Husema marehemu aachwe apumzike. Nilifuta. Nilikaa kitandani nikazifuta moja moja, kwa sababu nilikuwa na kiwewe na sikuwa na nguvu ya kukataa, na kwa sababu Ami mwenyewe alikuwa akilia alipoomba. Zile mbili tatu zilizochapishwa zilikwenda na nguo zake, sijui wapi. Miezi michache baadaye nilishtuka bafuni nikagundua siukumbuki mdomo wa baba vizuri. Nilijua sauti, nilijua mikono, lakini mdomo ulikuwa umeanza kuniponyoka. Hapo nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata tena.

Basi nikamchora. Kwenye karatasi ya manila, ukubwa wa sinia, kwa penseli peke yake. Nilifuta na kuchora, nikifuta na kuchora, jinsi unavyomchora mtu uliyemtunga: unaanza na unachokijua kwa hakika, kisha unakiuliza kile kilicho jirani yake. Nilianza na lenzi yake ya fundi aliyoibana jichoni, nikaja kwenye mkunjo iliouacha, nikaja kwenye shavu. Mdomo ulirudi. Ilikuwa picha pekee ya baba iliyobaki duniani, kwa ninavyojua, na nilipokisikia kikohozi cha Ami ngazini nilikuwa nayo mapajani. Sikuwa na muda wa kuipeleka popote. Niliisukuma chini ya mkeka, nikasimama.

Tulianza upande wa dirishani. Ami hakutaka kupiga mistari yeye. Alisema mwenye kuchora ndiye mwenye kukata. Alinipa kalamu, yeye akasimama nyuma yangu mikono mgongoni. Shujaa wa kwanza alikuwa ameshinda vita vyote, na upanga wake nilikuwa nimeutia rangi ya fedha siku nzima. Nilimpiga mstari. Wino ulinuka kama mafuta ya taa, ukaingia kwenye karatasi na kupanuka kidogo. Yule wa pili nikampiga. Wa tatu nilimkata kwa pupa, mstari ukapanda kidevuni.

"Taratibu," alisema Ami. "Usiharibu."

Nilicheka kwa hasira. Usiharibu!

Kwa msichana wa mapaani nilijaribu ujanja. Badala ya mstari nikamchorea mkufu, mzuri, wenye vidani vidogo, umeizunguka shingo yote. Ami alikaribia hadi pumzi yake ikanigusa bega.

"Hino nini?"

"Mstari, Ami."

"Huu mkufu."

"Si umezunguka shingo yote? Kitwa kiko kule, kiwiliwili kiko huku."

"Mkufu wapamba, haukati. Wajua wewe mwenyewe." Wala hakukasirika. "Kata, mwanangu."

Nikakata, juu ya mkufu. Nilikuwa nimeuma meno hadi taya zinaniuma.

Muda wote huo alikuwa akitembea. Hilo ndilo lililonitisha. Kila picha ikikamilika, Ami alisogea hatua, miguu mitupu juu ya mkeka, na mkeka ule ulikuwa mmoja tu, mrefu, kutoka dirishani hadi mlangoni. Karatasi ya manila si laini. Nilijua iko wapi, karibu na meza yangu, upande wa kushoto, na ukuta wa kushoto ulikuwa bado. Niliomba tuanze wa kulia kwanza. Nikasema nuru ya kulia yaondoka. Alikubali, nami nikapata nafasi ya kuvuta pumzi, lakini ukuta wa kulia ulikuwa na picha chache.

Tulifika kwenye lile dude la duara. Ami alilitazama. Akainama, akalitazama kwa karibu, akainua kichwa.

"Huyu, shingo yake iwapi?"

"Hana."

"Hana vipi?"

"Hana shingo, Ami. Ni kitwa na miguu."

Alishika ndevu kama mtu aliyeulizwa swali gumu mbele ya wanafunzi wake. Mimi kicheko kilinipanda hadi kooni na hofu ikakirudisha. Mwisho alisema, kwa sauti ya hakimu, "Basi huyu mpige mato."

Nililifunga macho lile dude masikini, la kulia na la kushoto. Nyanya alikuwa chini akichagua mchele wa pilau ya kesho, na sinia lake lililia shaa, shaa. Aliita, "Mwafika wapi?"

"Umebaki ukuta mmoja, mama," Ami alijibu, akageuka kushoto.

Nilijaribu kutangulia. Nilijaribu kusimama juu ya pale mahali mwenyewe, nikawa nachora kwa kunyoosha mkono, kiuno kimejipinda, kama mtu anayefikia sahani ya mwenzake. Nilipiga mistari haraka haraka, sikujali tena nani ni nani. Yule jini wa viatu alikatwa bila hata kumtazama. Nilichotaka ni tumalize, ashuke, aende zake akasali Magharibi.

"Ziko nyengine?" aliuliza.

"Ndizo hizi."

"Zote?"

"Zote unazoziona, Ami."

Alinitazama. Ni mwalimu, watoto wamemdanganya kwa miaka mingi na kwa kila namna. "Sogea," akasema, "niione ile ya tini ukutani." Nilibaki nimesimama. Akasema tena, kwa upole, na upole wake ndio uliozidi nguvu zangu. Nikasogea. Yeye akakanyaga pale pale, na karatasi ikalia chini ya mguu wake.

Aliinua mguu, akaushusha tena, akaisikia. Kisha alichutama, akakunja ukingo wa mkeka, na baba akawa anamtazama, lenzi kwenye jicho moja, jicho lingine limefinywa kidogo kama alivyokuwa akilifinya kila ulipomsemesha kazini.

Nilidhani ataipasua. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimejiambia kwamba akiinua mkono nitamrukia, ami au si ami, na watakaosema waseme. Lakini Ami aliketi. Aliangukia matako juu ya mkeka huku kanzu na koti vimemkunjamana.

"Umempata wapi?" aliuliza.

"Kichwani mwangu."

"Hukunakili kwenye simu?"

"Nilifuta, Ami. Ulisema tufute."

"Nami nalifuta," alisema. "Zote." Akaiinamia picha. "Siku ya pili yake nalizitafuta tena. Nalimpelekea simu kijana mmoja wa duka la simu, Mwembe Tayari. Akasema hazirudi."

Nilikuwa nimemchukia mwaka mzima kwa ajili ya zile picha, nilikuwa nimezoea kumchukia, na sasa hata hilo ameninyang'anya. Alinyoosha kidole, lakini hakuigusa karatasi.

"Shikio hili silo."

"Lipi?"

"La kushoto. Umelifanya kama la kulia. La kushoto lalikuwa limekunjika hapa juu." Alilishika sikio lake mwenyewe akalikunja ncha kunionyesha. "Nalimuuma mimi. Tulipigania kishada cha kurusha, mimi mdogo, nikaona siwezi kumpata kwa ngumi. Mama alinipiga hadi jirani akaja. Yeye akawa ndiye anayelia, ati nisipigwe."

Niliketi karibu yake, nikachukua kifutio na penseli. Nilifuta ncha ya sikio. Ami aliniongoza: zaidi, la, limekwenda sana, rudi, hapo. Alikuwa mkali kuliko shabiki yeyote wa mtandaoni. Mara mbili alinishika kiwiko kunizuia. Nilipoondoa mkono na kupuliza vumbi la kifutio, uso wote ulikuwa umebadilika kwa sababu ya ule mkunjo mmoja, na nikajua kwamba miezi yote ile nilikuwa nikimtazama mtu anayefanana na baba tu. Sasa alikuwa yeye. Nililia, sikuficha. Ami naye aliziba macho kwa viganja na mabega yakamtikisika bila sauti.

Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Watoto walikuwa wakikimbia uchochoroni na mtu alikuwa akisafisha koo kwenye kipaza sauti. Ami alipangusa uso kwa kitambaa chake cha bega. Alichukua kalamu nene kutoka mkekani nilipoiacha na kuifungua.

"Ami," nilisema. "Tafadhali."

"Kesho nitamsomea hapa," alijibu. "Hapa hapa."

Akaishusha kalamu. Ncha ilifika juu ya shingo ya baba, pale kanzu inapoanzia, ikasimama unene wa ukucha kutoka kwenye karatasi. Niliona tone la wino likijikusanya. Kisha akauondoa mkono, akafunga kalamu kwa kifuniko, akakikaza kwa kidole gumba hadi kikalia.

Chini sinia lilinyamaza. "Zimekwisha?" nyanya aliita. "Zote zimepigwa mstari?"

Ami alinitazama. Mtu mzima, mwenye ndevu, anayeogopwa na watoto wa chuo kizima, alinitazama kama mtoto aliyekamatwa na kishada cha wenyewe. Hawezi kumdanganya mama yake. Hilo nililijua, na yeye alijua kwamba najua.

"Zote, Nyanya," nilisema kwa sauti kubwa. "Zimekwisha zote."

"Alhamdulillahi. Basi shukani."

Ami aliinuka. Aliiviringisha ile manila, taratibu, kwa mikono miwili, akaitia ndani ya koti, kwapani, akafunga vifungo. Hakuniomba. Hakusema ataileta. Nilifungua kinywa kumwambia kwamba hiyo ni yangu, kwamba sina nyingine, kwamba amenikatisha watu wangu wote na yeye anaondoka na mmoja mzima. Kisha nikaliona lile bega lake, lilivyojikunja kuilinda isipondeke, nikakifunga kinywa.

Akashuka ngazi akiwa amekakamaa upande mmoja. Nilimsikia nyanya akimuuliza mbona anakwenda hivyo, ana maumivu gani.

"Ni hizi ngazi, mama," alisema. "Ngazi tu."